Nanoteknolojia ya tiba: dhahabu kwenye kipimo cha malaria, ini lenye ulafi na matumbawe yanayogeuka mfupa

Mtoto akishikwa na homa Lamu, iwe ni Langoni, Shela au ng'ambo huko Faza, jambo la kwanza zahanati ni kudungwa kidole. Muuguzi hufinya tone la damu, akalitia kwenye kitundu cha kaseti nyeupe ya plastiki, akaongeza matone ya maji ya dawa kwenye kitundu cha pili, halafu mzazi akaambiwa asubiri kama robo saa. Ukitokea mstari mmoja penye herufi C, huambiwa mtoto hana malaria. Ikitokea miwili, C na T, anayo. Tumekizoea kipimo hiki hata hatukiangalii tena. Ila ule wekundu wa mistari si wino, wala si damu. Katika vipimo vingi vya aina hii, ni dhahabu.

Ni dhahabu ile ile ya sonara, isipokuwa imetengenezwa kwa chembe zenye upana wa nanomita 20 hadi 40. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa mtu una unene wa nanomita 80,000 hivi, seli nyekundu ya damu ina upana wa 7,000 hadi 8,000, kirusi cha korona kama 100, na uzi wa DNA una upana wa 2. Wanasayansi wakitaja nano kwa kawaida wanakusudia vitu vya kati ya nanomita 1 na 100, ingawa watu wa dawa hawaushiki mpaka huo kwa ukali.

Nimeanzia kwenye kaseti hiyo makusudi. Mazungumzo ya nanoteknolojia katika tiba huanza mno na vijiroboti vinavyoogelea kwenye mishipa ya damu vikiwinda saratani, na vijiroboti hivyo huvikuti katika wodi yoyote. Vilivyopo ni vitu vya kawaida zaidi na, kwangu mimi, vya kuvutia zaidi: chembe za dhahabu, vifuko vya mafuta, nyuzi nyembamba, unga wa mfupa. Mtu akitaka kujua kwa nini kazi moja imefika hadi Faza na nyingine imekwama maabara miaka thelathini, ajiulize: chembe hii inakaa wapi, na kwa muda gani? Ikikaa nje ya mwili, kazi ni nyepesi. Ikiwa ni ya kuingia na kutoka, kazi ni nzito. Ikitakiwa iingie ibaki humo, ndipo watu wenye vyeo vikubwa walipoaibika.

Kwa nini udogo una maana

Nazi nzima ukiitia majini hupati tui. Ikishapita kwenye mbuzi, nazi ni ile ile na uzito ni ule ule, kilichoongezeka ni uso unaogusana na maji. Hesabu yake inashangaza. Mchemraba wenye sentimita 1 kila upande una uso wa sentimita 6 za mraba. Ukiukata wote uwe michemraba ya nanomita 1, uso huo ukijumlishwa unafika mita 6,000 za mraba. Kwa mtu wa dawa, uso ndio mahali pa kufanyia kazi, maana hapo ndipo protini hunasa na dawa hupakwa.

Jambo la pili ni kwamba tabia zenyewe hubadilika. Elektroni zilizo juu ya chembe ndogo ya dhahabu hutikisika pamoja na mwanga, zikaunyonya zaidi ule wa kijani, na unaobaki kulifikia jicho ni mwekundu. Michael Faraday alitengeneza maji mekundu ya dhahabu mwaka 1857 huko London, na baadhi ya chupa zake bado zimehifadhiwa. Warumi walimtangulia pasipo kujua walichokifanya: kikombe cha Lycurgus cha karne ya 4, kilichopo British Museum, ni cha kijani mwanga ukikipiga kwa nje na chekundu ukitokea ndani, kwa sababu kioo chake kina chembe za dhahabu na fedha.

Turudi kwenye kaseti. Chembe za dhahabu zimevikwa kingamwili, yaani protini za kinga, zinazoshika protini iitwayo HRP2, ambayo kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, huimwaga ndani ya damu. Damu ikitambaa kwenye karatasi iliyo ndani ya kaseti, inazichukua chembe hizo njiani. Penye T kuna kingamwili nyingine zilizogandishwa kwenye karatasi, nazo pia zinaitafuta HRP2. Protini ikiwepo, upande mmoja imeshikwa na dhahabu na upande wa pili imeshikwa na karatasi. Chembe moja haionekani, lakini zikirundikana mahali pamoja jicho linaona mstari. Penye C chembe hunaswa hata kama malaria haipo, ili ijulikane kipimo kimefanya kazi. C isipotokea, kaseti hiyo ni ya kutupwa hata kama T imekoza.

Nimewahi kusikia mabishano ya kaseti hii kwenye benchi la zahanati. Bibi mmoja alikuwa na mjukuu aliyekwisha kunywa dozi nzima wiki iliyotangulia, homa imerudi, na T imejitokeza tena.

"Mwanangu, dawa zenu ni za bandia," akasema.

"Si za bandia, bibi," muuguzi akamjibu taratibu. "Hiki hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta alichokiacha. Mpeleke maabara, damu yake iangaliwe kwa hadubini."

Jibu hilo lina sayansi yote ndani yake. HRP2 inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa hiyo mstari wa pili baada ya matibabu hauthibitishi ugonjwa mpya. Upo upofu wa pili ulio mbaya zaidi. Peru, kisha Eritrea na Ethiopia, walipatikana vimelea visivyo na jeni ya kutengeneza HRP2. Mgonjwa ana malaria ya kweli na kaseti inasema hana. Dhahabu hapo haina kosa. Kosa ni la shabaha iliyochaguliwa, na ndiyo maana vipimo vingine sasa hutafuta protini tofauti.

Pamoja na ila zake, kaseti hii imefanikiwa kwa sababu nyepesi sana: dhahabu haiingii mwilini. Inakutana na damu kwenye karatasi, inasomwa, inatupwa. Hakuna ini la kuila wala figo za kuisumbua. Vipimo vya ujauzito vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa na vile vya korona vya puani vinafanya kazi kwa mtindo huo huo, ingawa vingine hutumia chembe za plastiki zenye rangi badala ya dhahabu.

Na kabla sijavuka hapo, neno kuhusu wauzaji. Jina la nano limegeuka kuwa pambo la biashara. Utaletewa kadi ya nano ya kuvaa shingoni, soksi za nano, maji ya nano ya kuondoa sumu, na muuzaji hawezi kukwambia chembe ni ya nini, ina ukubwa gani wala inakwenda wapi. Ujanja huo haukuishia kwa wachuuzi. Kampuni ya Theranos ya Marekani iliviita vichupa vyake vya damu Nanotainer, ikadai vipimo chungu nzima vingefanyika kwa matone machache. Hakukuwa na nano yoyote humo, damu ilikuwa kidogo tu. Kampuni ilivunjika mwaka 2018, na mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alitiwa hatiani kwa ulaghai Januari 2022.

Ini linakula

Sasa chembe iingie mwilini. Matarajio ya miaka ya 1980 yalikuwa matamu. Wajapani wawili, Matsumura na Maeda, walionyesha mwaka 1986 kwamba mishipa ya damu inayolisha uvimbe wa saratani ina mianya, na kwamba vitu vikubwa kiasi huvuja humo vikabaki. Basi watu wakaona njia iko wazi: tengeneza chembe ambayo ni kubwa mno kupenya mshipa mzima na ndogo vya kutosha kupenya mshipa mbovu, ijaze dawa, ipeleke.

Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha Doxil. Ni dawa ya zamani ya saratani, doxorubicin, iliyofungiwa ndani ya liposomu, yaani vifuko vidogo vya mafuta vyenye upana wa nanomita 100 au pungufu kidogo. Doxorubicin ikiwa peke yake huumiza moyo. Ikiwa ndani ya kifuko, moyo unaumia kidogo zaidi. Hiyo ni nafuu kubwa kwa mgonjwa, lakini tazama ni nafuu ya aina gani: madhara yamepungua. Ahadi ya kuipeleka dawa yote kwenye uvimbe na kuuacha mwili mzima salama haikutimia.

Kiasi cha kutotimia kilijulikana mwaka 2016, wakati kundi la watafiti la Toronto nchini Kanada lilipokusanya matokeo ya tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama. Walipanga namba zote na kuangalia ya katikati: dawa iliyofika kwenye uvimbe ilikuwa asilimia 0.7 ya ile iliyodungwa. Haikufika hata moja kwa mia.

Nyingine ilikwenda wapi? Chembe ikishaingia kwenye damu, protini za damu huivamia na kuivika koti, na koti hilo ndilo mwili unaloliona, si ule uso uliopambwa kwa ustadi maabara. Ikiwa na upana wa chini ya nanomita 5 au 6, figo huichuja ikatoka na mkojo. Ikiwa kubwa zaidi, inakutana na ini na wengu, ambako seli walaji hukaa kandokando ya mkondo wa damu kazi yao ikiwa ni kuokota kila kigeni kinachopita. Chembe ya nanomita 100 kwa seli hizo inafanana na kirusi, nazo hazikuumbwa kuuliza maswali. Watafiti hupaka chembe aina ya polima (molekuli ndefu kama mnyororo) iitwayo PEG ili zisitambulike haraka, nazo hukaa kwenye damu muda mrefu zaidi, mpaka mwili ukajifunza kuitambua PEG yenyewe na kuitengenezea kingamwili.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, habari hii inapokuwa tamu, kwa sababu ulafi huo wa ini uliowashinda watu wa saratani umewasaidia wengine.

Chukua kala-azar. Ni ugonjwa unaoletwa na kimelea kinachoenezwa na usubi, na hapa Kenya unasumbua Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, Marsabit na Wajir. Kimelea chake hujificha ndani ya zile zile seli walaji za ini, wengu na uboho wa mifupa. Ipo dawa kali ya kukiua, amphotericin B, iliyogunduliwa miaka ya 1950, ila huwaumiza wagonjwa figo na kuwatetemesha kwa homa. Ikifungiwa ndani ya liposomu, seli walaji huviokota vifuko kama kawaida yao, na kwa kufanya hivyo huipeleka dawa mpaka chumbani mwa kimelea. Hakuna aliyelazimika kuvumbua njia, mwili ulikuwa nayo tayari. Kwa Afrika Mashariki dawa hii ya liposomu huwekwa zaidi kwa wagonjwa mahututi, wajawazito na wanaoishi na VVU, na kizuizi kikubwa kimekuwa bei.

Dawa hiyo hiyo imebadilisha tiba ya homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu wa Cryptococcus, ambayo huwaua watu wengi wenye VVU waliochelewa kuanza dawa. Utafiti uliopewa jina la AMBITION ulifanyika Botswana, Malawi, Afrika Kusini, Uganda na Zimbabwe, ukahusisha watu zaidi ya 800, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Dozi moja kubwa ya amphotericin ya liposomu, ikifuatwa na vidonge vya wiki mbili, haikufanya vibaya kuliko dripu ya kila siku kwa wiki nzima, na madhara yakawa machache. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka huo huo. Anayejua safari ya mgonjwa kutoka Kiunga, boti, gati, kisha machela kwenye vichochoro visivyopitika na gari, anaelewa tofauti ya kudungwa mara moja na kufungwa dripu siku saba huku figo zikipimwa kila mara.

Ukianza kuangalia kwa jicho hilo, mafanikio mengine yanajipanga yenyewe. Mwaka 2018 iliidhinishwa patisiran, dawa ya ugonjwa adimu wa kurithi ambao protini yake mbovu hutengenezwa na ini. Vifuko vya mafuta vilikwenda kwenye ini kwa sababu ndiko vinakokwenda hata usipovituma. Chanjo za korona za Pfizer na Moderna zilitumia jamii hiyo ya vifuko, vyenye upana wa nanomita 100 hivi, kubeba mRNA, yaani maelekezo ambayo seli huyasoma ikatengeneza protini. Zilidungwa kwenye msuli wa bega, na seli zilizo karibu pamoja na tezi za kwapani zilitosha kufanya kazi. Mafuta yake yana ujanja mmoja mzuri: kwenye damu hayana chaji, lakini seli ikikimeza kifuko na kukitia kwenye kijumba chake chenye asidi, mafuta yanapata chaji, yanapasua ukuta wa kijumba na kuimwaga mRNA ndani. Katalin Karikó na Drew Weissman walipewa Nobel mwaka 2023 kwa kuirekebisha mRNA yenyewe ili mwili usiishambulie. Mafuta ni jasho la watu wengine, na husahauliwa.

Mafuta hayo pia ndiyo yaliyoleta balaa la baridi. Chanjo ya Pfizer mwanzoni ilitaka nyuzi 70 chini ya sifuri, na ikishayeyushwa ilikaa kwenye friji ya kawaida siku tano tu. Kwa kaunti ambayo kikasha cha chanjo kinapanda boti, huo si mjadala wa kitaalamu tu.

Kuna chanjo nyingine iliyo karibu nasi zaidi, nayo watu hawaihesabu kuwa nano. Ukishuka pwani kutoka hapa ukipita Malindi unafika Kilifi, kilipo kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kilichoanzishwa mwaka 1989. Kilifi ilikuwa moja ya sehemu zilizofanyiwa majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya R21, pamoja na sehemu za Tanzania, Mali na Burkina Faso, kwa watoto wapatao 4,800. R21 imetengenezwa kwa kuunganisha kipande cha protini ya kimelea na protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B. Protini hii ya pili ina kipaji: zikiwa nyingi zinajikusanya zenyewe kuwa mpira mdogo wa nanomita kama 20, usio na kirusi ndani. Matokeo yake ni kwamba kipande cha malaria kinajirudia juu ya mpira kwa mpangilio, na kingamaradhi za mtoto hushtuka zaidi zikiona kitu kinachojirudia kuliko zikiona vipande vinavyoelea ovyo. Kinachoongezwa kuamsha mwili, Matrix-M, nacho ni vijisanduku vya nanomita 40 hivi vilivyotokana na magome ya mti wa Chile.

Katika maeneo yenye malaria ya msimu, R21 ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 75 ndani ya mwaka mmoja. Kwenye malaria ya mwaka mzima, kama yetu ya pwani, asilimia 68. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2023, miaka miwili baada ya RTS,S, dada yake mkubwa, ambayo Kenya ilianza kuitoa kwenye kaunti za magharibi Septemba 2019. Sioni kwa nini roboti wa kubuni wapate picha magazetini na mpira huu wa protini usipate.

Matumbawe na mfupa

Uhandisi wa tishu ni jina kubwa la jambo linalosemeka kwa ufupi: unatengeneza kiunzi, unakiwekea seli, na unatarajia seli zijenge tishu halisi huku kiunzi kikiyeyuka. Kiunzi hicho ni cha kukaa mwilini, wiki, miezi, pengine daima. Robert Langer na Joseph Vacanti waliupa uwanja huu sura yake kwa makala ya mwaka 1993, na mwaka 1997 dunia ikaona picha ya panya mwenye kitu mfano wa sikio la binadamu mgongoni. Watu wakadhani figo za kutengenezwa ziko mlangoni.

Mfano bora wa kiunzi sisi tunaishi ndani yake. Kuta za nyumba za mji wa kale wa Lamu ni mawe ya matumbawe, mengi yakichongwa kwenye machimbo ya Maweni, kisiwani Manda, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa. Kwa kazi laini, kama zidaka na nakshi za plasta na mawe, mafundi wa zamani walipenda tumbawe aina ya Porites lililotolewa baharini likiwa bichi, kwa kuwa huchongeka kabla halijakauka. Ukilivunja na kulitazama karibu utaona vitundu vinavyokwenda sawa, vinavyoingiliana kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, Roy na Linnehan, walitangaza kwamba mifupa ya matumbawe ikipikwa ndani ya chombo cha shinikizo pamoja na maji yenye fosfati, kalsiamu kaboneti yake hugeuka kuwa hidroksiapatiti, ambayo ndiyo madini ya mfupa wa binadamu, na vitundu havipotei. Kufikia miaka ya 1990 madaktari wa Marekani walikuwa wakijazia mapengo ya mifupa iliyovunjika kwa vipande vya Porites na jamaa yake Goniopora vilivyopikwa namna hiyo.

Vitundu hivyo si nano. Vina upana wa sehemu mbili hadi tano za kumi za milimita, na vinatakiwa viwe hivyo ili seli na mishipa ya damu ipite. Nano iko kwenye uso. Mfupa wako umejengwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni zilizopangiwa fuwele za hidroksiapatiti zenye urefu wa makumi ya nanomita na unene wa nanomita chache. Seli ya mfupa ikitua inapapasa uso, na uso wenye mikwaruzo ya kiwango hicho unaifanya ishike na kujenga kuliko uso laini. Ndiyo maana viungo bandia vya titani siku hizi hukwaruzwa kwa makusudi, na unga wa hidroksiapatiti hutengenezwa viwandani kwa fuwele ndogo kama za mwili, pasipo kugusa mwamba wa baharini.

Kwa tishu laini, kiunzi huwa nyuzi. Maji mazito ya polima huvutwa kwa umeme wa maelfu ya volti, yakachomoka uzi mwembamba wa nanomita mia kadhaa, ukajisuka kuwa kitambaa kinachofanana na wavu wa asili unaozishika seli zetu. Kwa vidonda na majeraha ya moto, vitambaa vya namna hii vina matumaini ya karibu.

Kinachokwamisha ni unene. Seli haiishi ikiwa mbali na mshipa wa damu zaidi ya sehemu mbili za kumi za milimita, kwa kuwa oksijeni haiifikii. Kitu chembamba kinawezekana: mwaka 2006 Anthony Atala na wenzake walieleza habari za vijana saba waliowekewa vibofu vya mkojo vilivyooteshwa kwa seli zao wenyewe. Ini na figo ni minofu minene yenye mishipa kila mahali, na hakuna aliyejua kuisuka mishipa hiyo yote kwa mkono.

Panapokuwa na kiu kubwa kama hiyo, matapeli huja wakiwa wamevaa koti jeupe. Mwaka 2011 huko Stockholm, daktari mpasuaji Paolo Macchiarini alimwekea mgonjwa, mwanafunzi kutoka Eritrea aliyekuwa akiishi Iceland, koo la hewa la plastiki ya nano lililopakwa seli za uboho wake. Habari zilienea dunia nzima kuwa tishu mpya imezaliwa. Haikuzaliwa. Majaribio ya kutosha kwa wanyama hayakuwa yamefanywa, bomba halikushikana na mwili, na mgonjwa alifariki mwaka 2014. Wote watatu waliopasuliwa Sweden kwa njia hiyo wamefariki. Jarida la The Lancet lilifuta makala yake ya 2011 mwaka 2018, na Juni 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu Macchiarini kifungo cha miaka miwili na nusu. Plastiki ilikuwa ya nano kweli, na hilo halikumsaidia mgonjwa hata chembe.

Nayataja haya kwa sababu pwani yetu ni mahali pa utafiti, na siku moja mwenye koti jeupe atabisha hodi na karatasi mkononi. Hapa Kenya jaribio la dawa kwa binadamu linatakiwa kupitishwa na kamati ya maadili iliyosajiliwa, likubaliwe pia na Bodi ya Dawa na Sumu, na mtafiti awe na kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Una haki ya kuelezwa yote kwa lugha unayoielewa kabla ya kutia sahihi, na haki ya kuuliza yale yale niliyoyauliza kwenye kaseti: chembe inakaa wapi, kwa muda gani, na inatoka vipi. Kila fomu ya ridhaa huandikwa kwamba unaweza kujitoa wakati wowote. Kwa kipimo cha kidole ni kweli tupu. Kwa chanjo, unaweza kuikataa dozi inayofuata, ile iliyokwisha kuingia haitoki. Kwa kiunzi kilichokwisha kushonewa kifuani, kujitoa kumebaki kwenye karatasi, kwa hiyo maswali yote yaishe kabla kalamu haijashikwa.